Lori la samadi au gunia la DAP? Kwanza niambie shamba liko Dagoretti au Ruai

Shemeji yangu alinipigia simu Septemba, wiki chache kabla ya mvua za vuli. Ana robo eka huko Ruai, mashariki mwa Nairobi, zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na swali lake lilikuwa moja tu, samadi au DAP, ile mbolea ya viwandani ya kupandia: "Shem, ninunue lori la samadi au nichukue DAP? Nataka mahindi na sukuma wiki." Nikamwuliza udongo wake una rangi gani. Akacheka. "Si udongo ni udongo?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea. Tunalinganisha mbolea na mbolea, bei na bei, halafu tunamwaga popote. Nairobi ina udongo wa aina mbili zinazotofautiana kama maziwa na chai ya rangi, na kitu kinachouponya mmoja kinaweza kuuharibu mwingine. Nimelima upande wa magharibi kwa miaka kadhaa kwenye kipande cha kukodi, na upande wa mashariki nimesaidia jamaa vya kutosha kurudi nyumbani na kilo mbili za matope kwenye kila gambuti. Kwa hivyo ulinganisho huu nitauanzia chini, kwenye udongo wenyewe.

Mwekundu na mweusi

Ukitoka katikati ya jiji kuelekea Kangemi, Kabete, Dagoretti na Karen, unakanyaga udongo mwekundu uliotokana na mawe ya volkano. Una kina kirefu, maji hupita bila kutuama, na mizizi hushuka inavyotaka. Wataalamu huuita nitisoli. Aibu yake ni mbili. Kwanza, mara nyingi una tindikali, na ukilimwa miaka mingi bila kurudishiwa chochote tindikali hiyo huzidi. Pili, una madini mengi ya chuma na alumini yanayoikamata fosforasi kama askari wa getini anavyokamata kitambulisho chako: kipo, unakiona, lakini hukitumii.

Ukienda Embakasi, Njiru, Ruai na kuendelea hadi tambarare za Athi, udongo unageuka mweusi, ule unaoitwa udongo wa pamba. Mafundi wa ujenzi hawautaki kabisa. Huuchimba wote na kujaza murram kabla ya kuweka msingi, kwa sababu hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa ambazo simu inaweza kutumbukia. Lakini kwa mkulima si udongo maskini hata kidogo. Mfinyanzi wake hushika rutuba kuliko udongo mwingi tunaoujua, na kwa kawaida hauna tindikali; mara nyingine umeelemea upande wa pili kabisa, na ndani yake utakuta vijiwe vyeupe vya chokaa ya asili. Kinachousumbua ni hewa na maji. Ukilowa hauna nafasi ya kupumua, na ukikauka ni tofali.

Kuna jaribio la dakika moja ambalo nampa kila anayeniuliza. Chukua bonge la udongo mkavu, lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa ya kutosha na huna haja ya kununua nyingine. Jaribio la pili: tumbukiza bonge kavu kwenye glasi ya maji na uliache. Likiyeyuka mara moja na kuwa uji, udongo wako hauna gundi, yaani mabaki ya mimea na viumbe vinavyoushikanisha. Likikaa dakika kadhaa limeshikana, una bahati.

DAP dhidi ya samadi, kwa hesabu

Gunia la kilo 50 la DAP limeandikwa 18-46-0. Maana yake ni kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti (ndivyo fosforasi inavyohesabiwa kwenye gunia), potasiamu hakuna. Samadi kavu ya boma iliyotunzwa vizuri huwa na nitrojeni karibu asilimia 1, kwa hivyo tani nzima inakupa kilo 10 hivi. Ukiangalia nitrojeni peke yake, gunia moja na tani moja ni ndugu.

Tofauti iko kwenye muda. Ya gunia mmea unaanza kuila ndani ya wiki hizo hizo. Ya samadi, msimu wa kwanza unapata robo au theluthi; iliyobaki inatoka polepole misimu inayofuata. Anayelima kwa samadi mwaka wa kwanza huangalia mahindi ya jirani wa DAP na roho ikamdunda. Mwaka wa tatu mambo huanza kubadilika, kwa sababu samadi imeleta kitu ambacho gunia halina: kaboni. Hiyo ndiyo chakula cha minyoo na vijidudu, ndiyo gundi ya lile bonge kwenye glasi, na ndiyo inayofanya udongo ushike maji mvua zikikatika katikati ya Novemba.

Halafu kuna tindikali. DAP ni mbolea ya amonia, na vijidudu vya udongoni vinapoigeuza amonia kuwa naitreti huacha tindikali nyuma. Msimu mmoja hautaona kitu. Lakini kwenye udongo mwekundu ambao tayari una tindikali, DAP kila msimu kwa miaka 10 au 15 ni kuongeza ndimu kwenye maembe mabichi. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 (pH ni kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imepanda), alumini huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Hapo ndipo utamsikia mtu akisema "shamba limezoea mbolea, siku hizi linataka magunia mawili." Halijazoea chochote. Mizizi imekatika na fosforasi imefungwa, kwa hivyo unaongeza mbolea ambayo mmea hauwezi kuifikia.

Kwenye udongo mweusi wa Ruai hatari hiyo ni ndogo. Tindikali kidogo huko haiwezi kukudhuru, hata inaweza kusaidia. Ndiyo maana nilipomwambia shemeji kwamba DAP kwake si shetani kama ilivyo kwangu, alidhani nimegeuza kauli.

Wale wanaotaka ushahidi wa miaka mingi hawahitaji kwenda mbali. Hapo Kabete, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kuna jaribio lililoanzishwa mwaka 1976 kwenye udongo mwekundu, mahindi msimu wa mvua ndefu na maharagwe msimu wa mvua fupi. Vipande vingine vinapata mbolea ya viwandani tu, vingine samadi tu, vingine mabua yanarudishwa, vingine vinapata vyote, na vingine havipati chochote. Vilivyopata vyote kwa pamoja ndivyo vilivyodumu vizuri. Lakini kilichonikaa kichwani zaidi ni kwamba kaboni ya udongo ilishuka katika vipande vyote, hata vile vya samadi. Samadi ilipunguza kasi ya kushuka, haikuizuia. Kulima kwenyewe, kupindua na kuvuna kila mwaka, kunakula udongo. Anayekuuzia mbolea fulani kwa ahadi kwamba "inarudisha udongo kama zamani" hajaenda Kabete.

Samadi nayo ina uongo wake

Nimeisifu samadi, sasa niiseme. Samadi nyingi inayouzwa Nairobi hutoka kwenye maboma ya Kajiado na kando ya Kitengela, na lori linapofika hujui umenunua mbolea au vumbi. Samadi iliyokaa juani miezi mingi bila kufunikwa imepoteza sehemu kubwa ya nitrojeni yake hewani, na ile iliyokwanguliwa sakafuni mwa boma imechanganyika na mchanga unaolipia kama samadi. Mimi huchukua kopo, naweka viganja viwili, najaza maji, nakoroga na kuacha dakika tano. Mchanga unazama chini kabisa na unaonekana. Ukiona umefika nusu ya kilichotua, jadiliana bei upya au mwambie dereva ageuze.

Ile mbichi nayo ina taabu nyingine: magugu. Terere litaota kila mahali bila wewe kulipanda (sawa, utalila, lakini hata terere lina kiasi chake). Dawa ni kuirundika, kuilowesha na kuifunika hadi ichemke yenyewe. Rundo likifika nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa, na ukaligeuza ili nje iingie ndani, mbegu nyingi za magugu na vimelea hufa. Kipimajoto si lazima. Chomeka fimbo ndefu katikati, iache kwa muda, ichomoe uishike. Ikikuunguza kiganja, rundo linafanya kazi.

Mbolea ya kuku ni habari tofauti, na hapa watu huunguza miche wakilaumu mbegu. Ina nitrojeni mara mbili au tatu ya ile ya ng'ombe, na hutoka haraka. Imwage shambani wiki tatu kabla ya kupanda, ichanganye na udongo, ndipo upande. Na uliza banda lilitandikwa nini. Kama ni maranda ya mbao kwa wingi, mbolea hiyo inaweza kukunyang'anya nitrojeni badala ya kukupa, maana vijidudu vinavyokula mbao vinaitaka nitrojeni hiyo hiyo. Kwenye udongo mwekundu naipenda. Kwenye udongo mweusi usiopitisha maji naiogopa kidogo, kwa sababu ina chumvi, na chumvi isiposombwa na maji hubaki pale pale na kurundikana msimu baada ya msimu.

Mboji ya takataka za soko ni ya bure ukiwa na mkokoteni na subira. Kangemi na Marikiti hutoa majani ya kabeji na mikungu ya ndizi kila siku, na karibu yote huishia jalalani. Shida ya majani mabichi peke yake ni kwamba huoza na kunuka badala ya kuiva. Yanahitaji kitu kikavu: mabua, nyasi kavu, majani makavu, kwa wingi kuliko mabichi. Miezi mitatu hivi, ukigeuza, unapata mboji nyeusi yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Na jiandae kuokota plastiki. Mifuko ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 lakini kwenye rundo langu bado inafukuka.

Kitu kimoja sitakilinganisha na chochote, maana sikikubali: kumwagilia mboga za majani kwa maji ya mfereji wa maji taka au ya mto unaopita karibu na jalala na viwanda. Ndiyo, maji hayo yana rutuba, na sukuma wiki inashamiri kweli. Lakini kuhara ni jambo moja, metali za sumu kama risasi na kadmiamu ni jingine. Metali hizo haziozi wala hazichemki zikaisha. Zikishaingia udongoni zimehamia.

Bei, na nani mwenye shamba

Mwaka 2022 gunia la mbolea lilipita shilingi 6,000 kabla serikali haijaleta ya ruzuku kwa 3,500, na mwaka uliofuata ikashuka hadi 2,500. Kwa bei hiyo ya mwisho, hakuna samadi inayoweza kushindana na gunia kwa nitrojeni na fosfeti ukizingatia usafiri. Hilo tuliseme wazi. Wanaosema kilimo cha asili ni cha bei rahisi daima hawajalipia lori kutoka Isinya hadi Kabete, wala vijana wa kupakua. Kisha 2024 tukasikia ya magunia ya ruzuku ambayo ndani hayakuwa na mbolea ya maana, na watu wakarudi kwa samadi kwa hasira, jambo ambalo si sababu mbaya ya kurudi.

Lakini swali kubwa kuliko bei ni hili: shamba ni la nani? Kipande changu cha Dagoretti ni cha kukodi kwa mwaka. Mwenyewe anaweza kuniambia Desemba kwamba anajenga fleti. Nikimwaga tani tatu za samadi leo, theluthi mbili ya faida itamkuta mpangaji mwingine, au itamkuta tingatinga. Nilifanya kosa hilo mara moja. Nililisha udongo misimu mitatu, nikautoa mikononi ukiwa ndiyo kwanza unapendeza, na leo juu yake pameegeshwa magari. Tangu hapo, kwenye shamba la kukodi naweka samadi kwenye shimo la mmea tu, kiganja kimoja, pamoja na kifuniko kimoja cha soda cha DAP, kisha nafunika na udongo kidogo kabla ya mbegu. Kwa udongo mwekundu njia hii ina faida ya ziada: samadi inazuia kidogo yale madini ya chuma kukamata fosforasi yote, na fosforasi inakuwa mahali mzizi mchanga unapoanzia.

Kama shamba ni lako, fikiria miaka mitano, usifikirie msimu.

Nimeliweka hivi kwa anayetaka kuona upande kwa upande:

| | Udongo mwekundu (Kabete, Dagoretti, Karen) | Udongo mweusi (Embakasi, Njiru, Ruai) |
|---|---|---|
| DAP | Kidogo, shimoni, pamoja na samadi. Si kila msimu milele | Inafaa kupandia |
| CAN (mbolea ya viwandani ya kukuzia) | Nzuri, haileti tindikali kama DAP | Nzuri |
| Urea (ya viwandani pia, ya nitrojeni) | Inaongeza tindikali | Ifukie. Ikibaki juu nitrojeni inapotea hewani |
| Samadi ya ng'ombe | Kila mwaka ukiweza | Kila mwaka, zaidi kwa kuulegeza kuliko kwa rutuba |
| Mbolea ya kuku | Ndiyo, wiki tatu kabla ya kupanda | Kwa kiasi, na pawe na mfereji |
| Chokaa na jivu | Ndiyo, kama pH iko chini ya 5.5 | Hapana |
| Jembe | Punguza, tandaza nyasi | Lima ukiwa na unyevu wa kiasi tu |

Mstari wa chokaa unamhusu kila anayesoma ushauri wa jumla. Wengi husikia "jivu ni zuri kwa shamba" wakalimwaga Ruai, ambako udongo hauhitaji kupandishwa pH hata chembe. Mahindi yanageuka manjano kwa kukosa zinki na chuma, mkulima anaongeza jivu.

Kulima na kutolima

Kwenye udongo mwekundu mimi nimeacha kupindua shamba lote. Ukilima kina kile kile kwa jembe kila msimu, chini yake linajengeka tabaka gumu ambalo mizizi na maji hushindwa kulipita. Sasa nachimba mashimo ya kupandia tu, natandaza nyasi kavu na mabua katikati ya mistari, na magugu nayakata. Mwaka wa kwanza magugu yalinishinda na majirani walinicheka. Mwaka wa pili minyoo ilirudi. Kasoro: mchwa hupenda matandazo kuliko mimi, na mabua jirani mwenye ng'ombe anayataka. Ukimpa, mwombe samadi. Mabua yakiondoka bila kitu kurudi, umeuza shamba kwa vipande. Mwenye mteremko aongeze matuta ya fanya juu na nyasi za napia kwenye kingo, la sivyo mvua kubwa ya Aprili itaihamisha mbolea yote hadi kwa walio bondeni.

Udongo mweusi una tabia ya ajabu: unajilima wenyewe. Nyufa za kiangazi humeza udongo wa juu, mvua zikija unafura na kujisukuma, na baada ya miaka ya juu umekwenda chini na wa chini umekuja juu. Kwa hivyo kulima sana hakuleti tija. Kinacholeta tija ni kuulima kwa siku zake. Ukiwa mkavu jembe linaruka. Ukiwa umelowa unautengenezea tofali kwa mkono wako. Kati ya hapo kuna siku chache tu baada ya mvua ya kwanza. Wazee wa upande huo hupanda mahindi kwenye vumbi kabla ya mvua, kwa sababu wanajua mvua ikishika hutaingia shambani. Tengeneza matuta mapana yenye mifereji katikati ili maji yatoke, na ukiweza panda njahi: mizizi yake inatafuta chini na inaongeza nitrojeni bila gunia.

Mtego mmoja wa mjini. Wenye ploti za udongo mweusi huambiwa wanunue lori la udongo mwekundu "wa shamba". Mara nyingi udongo huo umechimbwa mita tatu chini ya fleti mpya Kilimani au Kileleshwa. Ni mwekundu, ni mzuri kwa macho, na haujawahi kuona mnyoo. Pesa hiyo ingekununulia samadi ya kuulegeza ule mweusi ulio nao, ambao una rutuba kuushinda huo uliokuja kwa lori.

Na kabla ya kutumia pesa nyingi kwa chochote, pima. Maabara za udongo ziko hapa hapa Kabete, za taasisi ya utafiti na za chuo kikuu. Chukua udongo sehemu 15 au 20 kwa kuzunguka shamba zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo. Usichote mahali rundo la samadi lilipokaa wala chini ya ua, utajidanganya mwenyewe kwa pesa zako.

Shemeji alifanya jaribio la siki jikoni na kunitumia video. Bonge lilitoa povu kama soda. Akaachana na wazo la chokaa, akanunua nusu lori la samadi na gunia moja la DAP waliloligawana na jirani, na akawalipa vijana wawili wachimbe mifereji. Lori lilifika siku moja baada ya mvua ya kwanza. Dereva alishuka, akaukanyaga udongo, akautazama kwa muda, kisha akamwaga samadi yote barabarani nje ya geti. Hadi naandika haya bado wanaiingiza ndani kwa wilbaro.